Taa za Mahindi Yaliyooza

Majirani walimwita Maganda, naye hakukasirika, maana kazi yake ndiyo ilikuwa hiyo. Aliokota maganda ya machungwa, ya mayai na ya vitunguu kwenye majiko ya watu, akayaanika juu ya bati, akayasaga, akayachanganya na gundi na kuyakandamiza kwenye kalibu mpaka yakatoka mabakuli, sinia na taa za kuning'iniza. Mama yake, aliyekuwa akiishi naye, hakuacha kumtania.

"Wenzako wanafukuza takataka mlangoni. Wewe unazikaribisha ndani na kuzivutia kiti."

Hata hivyo yeye mwenyewe alishinda mlangoni mwa karakana, chumba cha nyuma kisicho na dirisha, akimchambulia bintiye maganda.

Siku moja mgahawa mkubwa ukaagiza taa za ukumbi mzima. Maganda ya majirani yasingetosha. Dereva wa lori aliyefahamiana naye akamshushia magunia ya mahindi yaliyolowa ghalani.

"Yalikuwa yanakwenda kuchomwa," dereva alisema. "Nikakukumbuka."

Maganda alifungua gunia, akaliinamia. Punje zilikuwa zimeota manyoya laini, kijani juu ya kijivu, rangi ambayo hakuwahi kuipata kwa kuchanganya. Vumbi lilipanda taratibu, likabaki hewani kana kwamba halina haraka ya kutua.

"Mama, njoo uone."

Mama akachota kwa viganja, akanusa, akapiga chafya. "Yananuka kama nyumba iliyofungwa," alisema, kisha akaketi kuchambua.

Mashine ilisaga kutwa, siku baada ya siku. Vumbi lilikaa kwenye kope zao, kwenye vikombe vya chai, kwenye shuka. Kuku wa jirani waliingia uani wakadonoa punje zilizomwagika. Siku chache baadaye walijikunyata ukutani, mabawa chini, na jirani akaizoa mizoga yao kwa koleo.

"Kideri hicho, ugonjwa wa kuku tu," jirani alisema.

Maganda akaitikia. Alikuwa na haraka, na jibu lile lilimfaa.

Mama akaanza kukohoa, kikohozi kikavu kisichotoa kitu. "Vumbi tu, mwanangu. Maliza kazi ya watu."

Maganda akamfunga kitambaa puani, wakaendelea. Taa zikapelekwa, zikasifiwa. Wiki iliyofuata mama alianza sentensi akashindwa kuimaliza, midomo imemgeuka rangi.

Hospitalini, daktari aliitazama picha ya kifua. "Mama huyu anafanya kazi ghalani?"

"Hapana. Anakaa nyumbani na mimi."

"Basi anavuta nini huko nyumbani?"

Maganda akatazama mikono yake. Ndani ya kucha kulikuwa na kijani. Akaeleza yote, na daktari akaweka kalamu chini.

"Ni kuvu, imeingia mapafuni. Hayo mahindi yako wapi sasa?"

Maganda alitoka moja kwa moja hadi mgahawani. Watu walikuwa wanakula chakula cha mchana, na taa zilining'inia juu ya kila meza.

"Tumezipaka vanishi, hazina neno," meneja alimwambia alipoomba zishushwe. "Wageni wanazipenda mno."

Maganda akainua macho. Joto la balbu na mvuke wa vyakula vilikuwa vimeipasua vanishi, na kwenye nyufa manyoya mapya yalikuwa yanachomoza. Chini ya taa mojawapo baba mmoja alimpulizia mwanawe supu. Kitambaa cha meza kilikuwa na vumbi jepesi, naye akalifuta kwa mkono wa shati bila kulitazama.

Maganda akavuta kiti, akapanda. Meneja akamshika kifundo cha mkono.

"Dada, utaniharibia kazi."

"Niachie, kaka. Mama yangu hawezi kupumua kwa sababu ya vitu hivi."

Meneja alimtazama, akatazama juu, akamwachia. Kisha akaenda kuwaomba wageni watoke.

Taa zote zilishushwa na kuchomwa mbali na nyumba za watu. Mama alirudi nyumbani, lakini kutoka kitandani hadi mlangoni hupumzika njiani.

Unga uliobaki wa mahindi yale, Maganda alikuwa ametengenezea mabakuli, nayo yalikwisha sokoni upesi kwa uzuri wa rangi yake. Bado anazunguka kuyatafuta. Machache ameyapata. La mwisho alilorudishiwa lilikuwa na makombo ya mkate.