Sauti ya Mpiga Pasi

Alhamisi saa kumi na moja jioni, mpiga pasi mstaafu alifika kwenye mazoezi ya kwaya. Gauni lake lilinyooka hata inzi angeteleza. Dada yake ndiye aliyemsukuma.

"Ukizidi kujifungia humu utaota kuvu," alikuwa amemwambia nyumbani. "Kafume, kacheze karata, lolote, lakini toka!"

Akachagua kwaya. Kwa miaka thelathini na miwili alinyoosha mashuka ya hospitali huku akiimba, na sauti ndiyo mali pekee aliyostaafu nayo.

Mwenyekiti wa kwaya, mzee wa tai na miwani, alimpokea vizuri.

"Karibu, mama. Ila tuna utaratibu wetu. Mgeni huimba kimya miezi mitatu. Anafungua mdomo, sauti haitoi."

"Na nikikohoa?"

"Kohoa nje."

Akakaa benchi la nyuma, akafungua mdomo kama samaki. Wiki ya pili sauti yake ilichoka kukaa bure, ikatokea kooni mwa mwenyekiti. Ilikuwa ileile, nzito, yenye mkwaruzo wa miaka ya mvuke.

"Mwenyekiti, leo umepania!" alisema fundi viatu wa safu ya mbele.

"Ni mazoezi tu," akajibu mwenyekiti, akiweka tai sawa.

Usiku dada yake alimsemesha. Akajibu, pasitoke kitu. Dada akamchemshia maji, akasema kwaya ndivyo ilivyo.

Mwenyekiti akaalikwa redioni. Hakuna aliyeuliza sauti ile kaitoa wapi. Mtu mwenye tai haulizwi. Binti wa mpiga pasi, aliyeishi mbali, akapiga simu.

"Mama, nimekusikia redioni! Mbona wamemtaja mzee mwingine? Mama? Mbona husemi?"

Mpiga pasi aliishika simu mpaka ikakatika.

Alhamisi iliyofuata alimkabidhi mwenyekiti karatasi. Aliandika: *Sauti hiyo ni yangu. Nimeitunza miaka sitini na moja. Nirudishie nizungumze na mwanangu.*

Mwenyekiti akaisoma mbele ya wote, mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya mpiga pasi. Kwenye neno *mwanangu* ikatetemeka, kama ambavyo ingetetemeka kinywani mwa mwenyewe. Fundi viatu akafuta machozi. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

"Maneno mazuri," akasema mwenyekiti, akiitia karatasi mfukoni. "Tutayatungia wimbo. Nitaongoza mimi."