Mkwe Ndani ya Emi Kusi

Kilele cha mlima wetu, Emi Kusi, si ncha, ni bakuli. Ukishapanda na kuchoka juu ya mawe yake meusi, unajikuta unateremka tena ndani, ukuta umekuzunguka pande zote, na humo kuna shimo jingine refu lenye magadi meupe chini. Mume wangu Wardugu alikwenda huko kuchota magadi. Hakujua kuwa mama yangu, Koreyi, yumo humohumo akimsaka ngamia wake aliyepotea.

Kwetu sisi Wateda, watu wa jangwa la Sahara, mwanamume hasemi na mama mkwe wake. Hamtazami hata usoni.

Upepo ukaleta vumbi, jua likafifia, likafutika. Wardugu akazunguka kumtuliza ngamia wake, na alipomaliza hakujua tena alikotoka. Kila upande ukuta uleule, mawe yaleyale. Ndipo akasikia mwanamke akiita. Akaijua sauti. Akavuta kilemba mpaka machoni, akajibanza nyuma ya ngamia.

"Nani huyo?" mama akauliza.

Mama akapapasa shingo ya ngamia akidhani ni wake, akaitambua chapa ya ukoo wa mkwewe.

"Ee Mungu, katika watu wote! Haya, ngamia, mwambie bwana wako upenyo wa kutokea uko huku, kulia."

"Ngamia," Wardugu akanong'ona, "mwambie huyo aliyesema: kulia ni shimoni. Upenyo uko nyuma yetu."

"Ngamia, bwana wako kazaliwa bondeni. Anajua nini habari za mlima?"

"Na aliyezaliwa mlimani, mbona kapotea?"

Mama akasonya, akashika njia ya kulia. Wardugu akamfuata kwa mbali, hajui kama anamlinda au anapotea naye. Ghafla vumbi likapasuka, akaona weupe wa magadi, chini kabisa, mbele ya miguu ya mama.

"Mama! Simama hapohapo!"

Akasimama. Kokoto zikaporomoka, asisikie zikitua. Akageuka, wakatazamana uso kwa uso.

Mwishowe mama akashika mkia wa ngamia, Wardugu akashika kamba, wakaburuzana mpaka wakatokea kwenye upenyo ambao hakuna hata mmoja wao aliyeujua, upande wa pili wa mlima.

Mama alifika kwangu. "Mumeo kanivunjia heshima. Nataka kondoo wa fidia."

"Lakini mama, si kakuokoa?"

"Nimesema hakuniokoa? Kondoo!"

Wardugu akamtoa kondoo bila kunung'unika. Mama akamchinja siku ileile, akanikabidhi paja nono kuliko yote. "Mpikie mumeo. Wala usimwambie limetoka kwangu."

"Sasa mama, umekasirika au umeshukuru?"

"Waniuliza mimi? Kapike!"

Nikapika. Wardugu akala, akafuta vidole, akaniuliza nyama hiyo imetoka wapi. Nikamwongezea mchuzi.