Lango la Mwalimu Basilisa

Jumatatu saa kumi jioni, wanafunzi walipokwisha kutawanyika, Crisanto Dalumpines aliegemeza ngazi kwenye lango la shule akafungua kopo la rangi nyeupe. Ilikuwa mara ya sita. Alikuwa mpaka rangi wa jiji la Santa Ursula, kibarua wa mkataba wa miezi sita sita, na kazi aliyopewa ilikuwa kufuta jina la Basilisa Gumban na kuandika la marehemu baba yake meya. Baraza lilikwisha kupitisha. Lakini kila asubuhi jina la zamani lilikuwa limechomoza juu ya rangi, herufi kwa herufi, kama jasho kwenye shati.

Basilisa Gumban aliwafundisha watoto mlimani wakati wa vita na Wajapani, akiandika kwa mwiba juu ya majani ya mgomba, mpaka walipomuua. Mama yake Crisanto alijifunza kusoma kwake.

Crisanto alikuwa kwenye herufi ya tatu sauti ilipotoka chini ya ngazi.

"Hiyo R imelewa, mwanangu. Ifute."

Alikuwa bibi mfupi, tope kwenye pindo la sketi, majani ya mgomba kwapani. Crisanto alimjua kwa picha iliyotundikwa ofisini mwa shule: alikuwa Basilisa Gumban mwenyewe. Akashuka, akaugusisha mkono wa bibi kwenye paji la uso wake kama ipasavyo kwa mkubwa, kisha akaifuta R.

Mwalimu mkuu, Bi Consorcia, aliwaona kupitia dirisha. Hakumuuliza mgeni alikotoka. Alimuuliza kama asubuhi ana nafasi, maana darasa la tatu halikuwa na mwalimu mwaka wa pili sasa, na barua nne alizopeleka manispaa hazijajibiwa. Marehemu Basilisa akataka kujua watoto wangapi. Sitini na mmoja, akaambiwa, viti arobaini. Kesho yake saa moja aliingia darasani.

Kila jioni alirudi langoni kusahihisha herufi. Asubuhi jina lake lilichomoza tena. Alhamisi Crisanto alishindwa kuvumilia, akamweleza: bosi wake amesema jina hilo likionekana siku ya sherehe za jiji, mkataba ndio basi.

"Mwalimu, mimi sikutaka kukufuta."

"Najua. Una watoto?"

"Watano. Wa mwisho yuko kwako, Nenita."

"Yule asiyenyamaza." Bibi akatabasamu. "Basi paka. Ila paka vizuri, watoto huiga mwandiko wanaouona."

Akapaka. Asubuhi ya Ijumaa lango lilikuwa jeupe, na jina la baba yake meya limenyooka juu yake, zuri kuliko chochote alichowahi kuandika. Hakuliangalia mara ya pili; akaenda kusimika mahema ya sherehe uwanjani mwa shule.

Sherehe ilikuwa na matarumbeta na nguruwe watatu wa kuchoma. Meya alisema baba yake aliipenda elimu kuliko nafsi yake. Wazee waliokumbuka jinsi baba huyo alivyogeuza madarasa mawili kuwa ghala lake la mpunga walipiga makofi pamoja na wengine, chakula kilikuwa tayari. Kisha meya akawapa walimu mkono mmoja mmoja. Alipomfikia marehemu Basilisa alimuuliza kama amejiandikisha kupiga kura.

"Nasikia nimepiga kura kila uchaguzi tangu nilipokufa," akajibu.

Meya alimshukuru kwa uaminifu wake, akapita kwa mwingine.

Mchana, Crisanto akikunja mahema nje ya darasa la tatu, alisikia somo likiendelea. Watoto ishirini na mmoja walikuwa sakafuni. Mwalimu aliwasomea sura ya vita katika kitabu kipya cha historia ya jiji, bila kuongeza neno wala kuruka. Alipomaliza, Nenita akauliza ni nani aliyekuwa akiwafundisha watoto siku zile, mbona kitabu hakisemi.

"Walikuwapo walimu," akasema Basilisa Gumban. "Kaa vizuri, utapinda mgongo."