Shaba Iliyomo Tumboni mwa Mfua Shaba

Bakuli likiwa na ufa, Mzee Tak Mun-ho aliligonga mara moja kwa ukucha akajua. Miaka arobaini na sita alikuwa akifua shaba na bati pale mjini Anseong, na hakuna bakuli lililowahi kumdanganya. Ndiyo maana ile picha ya tumbo lake mwenyewe, aliyopigwa hapa hospitalini, ilimkata maini. Mshipa mkuu wa damu ulikuwa umevimba kama mpira wa baiskeli uliochoka, naye hakuwahi kusikia lolote.

"Upasuaji sitaki," alisema. "Ukuta wa bakuli uliokonda haupigwi nyundo tena."

"Mshipa ukipasuka je, Baba Hyeon-ju?" mkewe alifoka. "Umekuja hapa kuchagua kaburi?"

Daktari Maeng, mpasuaji, alikuwa akisoma kopo la vidonge vya zinki. Mzee alikuwa akivibugia vinne vinne kila siku, mwaka wa saba huu, kwa kuwa fundi mwenzake alimwambia vinautia nguvu mkono wa nyundo.

"Zinki ikizidi, inaizuia shaba isiingie mwilini," alisema daktari. "Sisemi ndiyo iliyokuharibu, sigara zipo, presha ipo. Ila damu yako, mzee wangu, imepungukiwa shaba."

Mkewe aliangua kicheko, kikageuka kilio. "Mfua shaba huyu! Mashuka yangu yote yana vumbi la shaba!"

Mzee hakucheka. "Shaba inafanya nini ndani ya mtu?"

"Inasaidia kuzifunga nyuzi za mshipa, ukuta uvutike bila kuchanika. Moyo unaupiga mara laki moja kwa siku."

"Na mwili mzima una shaba kiasi gani?"

"Ukiikusanya yote, haifiki ukubwa wa punje ya mchele."

Mzee alipiga hesabu kichwani. Jioni moja ya kufagia karakana ilimpa shaba ya kutosha miili ya kijiji kizima. Na kwa chembe ile, ukuta ulikuwa umestahimili mapigo ya miaka sabini na mmoja, usiku na mchana, bila fundi kupumzika! Nywele zilimsimama. Aliogopa bado, lakini sasa aliogopa kama mwanagenzi aliyeingizwa kwenye karakana ya bwana mkubwa.

"Nyoosha mikono," alimwambia daktari.

Daktari alishangaa, akanyoosha. Mzee aliitazama kitambo kirefu, akingoja itetemeke. Haikutetemeka.

"Unashona mwenyewe mpaka mwisho, au unawaachia vijana?"

"Mwenyewe."

"Mama Hyeon-ju," alisema mzee, akiivuta fomu ya kukubali upasuaji, "hebu nipe miwani."