Nilivyomwozesha Ikupa Kyela

Maneno ya yule kijana wa Kisiba niliyasikia siku ya Jumatano, tukipakia ndizi kwenye Fuso la mnunuzi, na tangu hapo hayakunitoka. Aliyeyaleta ni jirani yangu Pudensiana. Alisema huko Kisiba kuna kijana alipata kazi kampuni kubwa ya kompyuta, mama yake akasimama kanisani kutoa shukrani, akataja mpaka mji anaokwenda. Wiki haikuisha. Kijana akaamka mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia haushiki hata kijiko, na kazi akapewa mwingine.

"Watu walimtazama kwa jicho baya," Pudensiana akasema, akijipangusa utomvu mikononi. "Gwe, ukipata kitu, kaa kimya."

Wenzangu waliguna wakaendelea kubeba. Mimi mkungu ulinishinda kunyanyua. Asubuhi ileile binti yangu Ikupa, ambaye ndiye wa kwanza kumaliza chuo kikuu katika ukoo wetu, alikuwa amekuja kunionyesha ujumbe kwenye simu yake. Kampuni kubwa ya kompyuta, ofisi iko Nairobi. Walimsaili mara nne. Siku zote hizo alikaa Tukuyu mjini kwa rafiki yake mwalimu, kwa sababu huku kwetu Masoko mtandao unakuja na kukatika.

"Wamenichukua, mama. Ila kwanza watahakiki vyeti na makazi, na watauliza watu wanaonifahamu."

Mimi niliishia darasa la saba. Nilisikia "wamenichukua", hayo mengine yakapita. Ikupa akarudi Tukuyu, mimi nikaenda kwenye Fuso, nikakutana na maneno ya Pudensiana.

Jioni yake Ambindwile, mwenyekiti wa kitongoji chetu, alipita njiani na jembe begani.

"Mama Ikupa, msomi wetu vipi? Amepata kazi?"

"Kazi wapi, tata," nikamjibu. "Ameolewa Kyela."

Sijui neno lilitoka wapi. Likishatoka halirudi, nikaliongezea na jingine. "Chuo chenyewe hakumaliza. Alishindwa mwaka wa mwisho."

Mzee wa watu alisikitika, akatikisa kichwa, akaenda zake. Niwaambie ukweli, usiku ule nililala vizuri. Niliona nimemficha mwanangu mahali ambapo hakuna jicho litakalomfikia. Jumapili habari ilikuwa imeenea kanisa zima. Wanawake wananitania, "Ng'ombe wangapi? Mbona hatukuitwa kula?" Mimi nacheka nao.

Jumanne ya wiki ya tatu mvua ilinyesha tangu asubuhi. Saa kumi jioni nikasikia bodaboda nje. Ikupa akaingia amelowa mpaka kwenye mifupa, hakunisalimia.

"Mama, nani kasema nimeolewa?"

Nikashika mwiko, nikakoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa.

"Watu wa kampuni wamempigia mtendaji wa kijiji," akasema. "Wamemuuliza, huyu Ikupa mnamfahamu, ni mkazi wenu, amesoma? Mtendaji mgeni, hanijui. Akamuuliza mwenyekiti. Mwenyekiti akasema nimeolewa Kyela na chuo sikumaliza. Sasa wanaona nimeghushi cheti, mama. Kesho saa sita mchana wawe na barua ya serikali ya kijiji yenye muhuri. Wasipoipata, nafasi imefutwa."

"Nilikuwa nakulinda."

"Na nani?"

Nikamweleza kijana wa Kisiba. Alinisikiliza mpaka mwisho, maji yanamchuruzika usoni.

"Anaitwa nani huyo kijana?"

Jina Pudensiana hakulitaja, nami sikuuliza.

Jumatano saa mbili tulikuwa mlangoni kwa mtendaji, naye akafika saa tatu na nusu. Anaitwa Dennis, mtu wa Singida, hajamaliza hata mwaka hapa kwetu. Aliniamkia vizuri, akatusikiliza, akaangalia vyeti vya Ikupa kimoja kimoja.

"Mama, mimi nimeshawajibu kwa simu ya ofisi," akasema. "Leo niandike kinyume chake kwa sababu mzazi amekuja analia? Kesho nitaulizwa mimi. Nileteeni mwenyekiti na jirani mmoja asiye ndugu. Waseme hapa mbele yangu, nitaandika."

"Wako kwenye Fuso," nikasema. Jumatano ni siku ya ndizi. Kitongoji kizima kinakuwa pale.

Ikupa alitangulia, mimi nyuma, matope yananivua kandambili. Hatujafika, wakatuona.

"Bibi harusi huyoo!"

"Mbona mkwe wetu wa Kyela hajaja kutubebea ndizi?"

Ikupa akasimama. Akageuka akaniangalia. Nikajua hili ni langu.

"Hakuna mkwe," nikasema. "Nilidanganya. Ikupa hajaolewa, na chuo amemaliza. Amepata kazi Nairobi, kampuni ya kompyuta. Ikifika saa sita bila nyinyi, amekosa."

Hata kijana aliyekuwa juu ya gari aliuweka mkungu chini. Ambindwile alikuja polepole mpaka mbele yangu.

"Ulinitazama usoni ukanidanganya, na mimi nikaenda kumwambia mtendaji. Nimefanywa mwongo na uzee wangu huu. Kwa nini?"

"Niliogopa, tata. Niliogopa mtamtazama."

"Tutamtazama!" Pudensiana akaitupa chini kata yake ya kubebea mikungu. "Mimi niliyemsuka nywele siku anakwenda chuo? Mimi nimtazame?"

"Si wewe uliyeleta maneno ya Kisiba?"

"Nami niliyasikia kwenye foleni pale hospitali Igogwe! Aliyekuwa anasema hata simjui!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi kicheko hakikunitoka. Nilimwomba dereva anisomee saa. Nne na nusu. Na Ambindwile hakucheka. Alisimama palepale mbele yangu. Pale nilielewa kwamba wale niliowakimbia ndio pekee wenye mwanangu mikononi, na akikataa huyu mzee mmoja, basi.

"Mtoto hana kosa," akasema mwisho. "Twendeni. Ila utayasema mwenyewe kwa mtendaji, yote. Mimi sibebi uongo wako mara mbili."

Niliyasema yote. Dennis aliandika kwa mkono, taratibu, kila jina akiuliza herufi zake. Ambindwile akatia sahihi. Pudensiana akatia yake, akaniangalia kama anayetaka kunipiga kofi na kunikumbatia kwa pamoja. Muhuri ulipogongwa ukatoka mweupe. Wino umekauka. Dennis akadondoshea maji kidogo kwenye kile kidude cha wino, akagonga tena kwenye gazeti, mara tatu, mara nne, mpaka ukaonekana. Ilikuwa imebaki robo saa.

Ikupa akaipiga barua picha, akatoka mbio kupanda kilima cha chai, kule mtandao unakoshika. Sisi watatu tukabaki barazani tunamtazama. Tulimwona anainua simu, anahama, anainua tena. Halafu akachuchumaa katikati ya chai, hatukujua kama ni kwa furaha au vipi.

"Imekwenda," alisema aliposhuka. "Zilibaki dakika nane."

Jibu lilichukua siku tisa. Siku hizo tisa alikuwa anakula kama ndege, na mimi naogopa hata kumuuliza kama ameshiba. Siku ya tisa akaja mlangoni akasema, "Wamekubali." Basi. Akachukua ndoo akaenda kisimani. Niliyemkimbilia kumwambia ni Pudensiana, na yeye ndiye aliyepiga vigelegele.

Siku ya safari nayo niliijua kwa Pudensiana. Tunapakia ndizi, akaniuliza, "Kwa hiyo Jumatatu mnaondoka saa ngapi kwenda stendi?" Nikasimama na mkungu mikononi.

Nyumbani nikamuuliza Ikupa kwa nini jirani ajue kabla yangu. Hakukasirika. Aliendelea kukunja nguo zake.

"Niliogopa utasema niko Kyela, mama."

Mdomo wake haujakwenda upande. Yuko Nairobi, anafanya kazi, kila Jumapili anapiga simu. Ananieleza hali ya hewa na chakula. Mambo ya kazi anamweleza Pudensiana.

Wewe mama mwenzangu ambaye mtoto wako amemaliza chuo, haya uyaepuke:

Usiseme mtoto ameolewa, amehama au amefeli kama sivyo. Ukiogopa watu, sema "tunasubiri", utakuwa hujadanganya.

Usimdanganye mwenyekiti wa kitongoji. Huyo ndiye anayeulizwa.

Usibebe habari ya mtu usiyemjua jina.

Mtoto akitaja neno usilolielewa, kama hilo la kuhakiki, usilipitishe. Uliza, hata kama unaona aibu.

Usingoje siku ya mwisho kwenda ofisi ya kijiji.

Usiseme "nilikuwa nakulinda".

Usimwache mtoto apande basi kabla hujamwomba radhi. Mimi nilimbebea ndizi mpaka stendi, nikadhani zitatosha.