Sahani ya Aloys

Kwa miaka tisa Donatien alicheza wafalme katika ukumbi wa parokia pale Kadutu, kwa sauti nzito na maneno ya kukariri, na watu wakampigia makofi mpaka mikono ikawawasha. Ndipo mwaka 1975 akaja mwongozaji mpya kutoka Kinshasa, citoyen Bulonza, yaani Raia Bulonza kama watu walivyoitana enzi hizo, na vituko vyake. Alitupa makaratasi yote ya mchezo. Akawavua waigizaji viatu, akataka kila mmoja amsimulie, peke yake, mlango umefungwa, jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu.

"Sitaki sauti, papa, nataka ukweli," alisema. "Iko ya hapa tu. Haitatoka."

Donatien, maskini, akaamini. Akasimulia jinsi vita vya 1964 vilivyomkuta na mdogo wake Aloys kwenye mashamba ya mpunga ya Luberizi. Jinsi Aloys alivyopigwa risasi ya mguu akamwita, naye akakimbia bila kugeuka. Nyumbani alimwambia mama yao kwamba Aloys amevuka mto Ruzizi, yuko Burundi. Tangu hapo Maman Agathe alimtengea Aloys sahani kila Jumapili. Bulonza alimkumbatia, wakalia pamoja.

Mazoezi nayo yalikuwa ya mmoja mmoja. Hakuna aliyejua mwenzake atasema nini. Siku ya onyesho Donatien alimketisha mama yake safu ya mbele, kifua mbele kwa fahari. Mara Pascal, mwigizaji mwenzake na rafiki yake aliyekula mezani kwa Maman Agathe miaka nenda rudi, akatokea jukwaani peku, akaanguka, akashika mguu.

"Yaya Donatien! Kaka yangu! Usiniache hapa mu mupunga!"

Hata majina hawakubadilisha, watu wasio na haya! Donatien alisimama nyuma ya pazia, ukumbi mzima ukilia. Bulonza akamshika bega, macho yakimng'aa.

"Umeona? Ukweli ndio huu."

Donatien alimsukuma, akatoka mbio. Alimkuta mama yake mlangoni, kikapu mkononi.

"Miaka kumi na moja niko namubakizia chakula," alisema Maman Agathe polepole. "Na weye ulikuwa unaniangalia tu."

Donatien akanyoosha mkono ampokee kikapu, kama kila walipotoka misani. Mama akakihamishia mkono wa pili, akashika njia ya mlimani peke yake.