Soketi Mbili za Ekzosi

Fundi alikuwa amechoka hata kabla hajashika spana. Gari la kubebea wagonjwa wa figo lilikuwa limerudi gereji kwa mara ya tatu mwezi huo, na lawama ni ile ile: likifika mlimani linaishiwa nguvu, taa ya injini inawaka, wagonjwa wanachelewa kusafishwa damu. Na kompyuta ya kupimia nayo ilishikilia neno lake: sensa ya joto la ekzosi, lile bomba la kutolea moshi. Sensa aliyoifunga yeye mwenyewe, mpya kabisa, imetoka ndani ya boksi!

Sasa aibu kama hiyo utaipeleka wapi? Yeye aliipeleka kwa shemeji yake. Mume wa dada yake ndiye dereva wa gari hilo, na lilipoletwa mara ya pili, fundi aliandika kwenye ripoti bila kupepesa macho: "Dereva anaendesha vibaya, anaunguza mfumo wa moshi." Meneja wa kliniki aliposoma akasema mtu huyo hana kazi tena kwake, na siku hii ya tatu ndiyo ilikuwa yake ya mwisho.

Shemeji alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, sare yake imenyooshwa pasi.

"Shemeji, si uende nyumbani ukapumzike?" fundi alimwambia.

"Nipumzike mara ngapi? Kuanzia kesho nitapumzika mpaka nichoke."

Fundi aliwasha injini ikiwa bado baridi, akakodolea macho namba za joto. Sensa ziko mbili, moja kabla ya chujio la moshi, nyingine baada yake. Moshi hupita kwa ile ya mbele kwanza, hilo halihitaji shule. Lakini kwenye skrini, ya nyuma ndiyo iliyokuwa inapanda: themanini, mia, mia na ishirini. Ya mbele bado imelala.

Akazima. Akajilaza chali chini ya gari, mgongo ukimlalamikia, akafuata nyaya kwa vidole. Soketi mbili za sensa hizo, zinazofanana kama mapacha, ya huku imechomekwa kule; ndiyo maana kompyuta ilisoma joto kinyume na kuipunguzia injini nguvu. Na aliyezichomeka ni yeye, siku ile aliyojisifu kwamba kazi hiyo anaiweza hata akiwa amefumba macho. Nyani haoni kundule. Alizirudisha mahali pake, kisha akabaki pale chini kwa muda, maana aliona haya kutoka.

"Umeona nini?" shemeji aliuliza.

"Niligeuza soketi. Si wewe, shemeji. Ni mimi."

Shemeji hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza fundi.

"Barua nimeshampelekea meneja asubuhi," alisema. "Nimekiri. Nilijaribu kukumbuka nilikosea wapi, sikupaona. Lakini fundi ni wewe. Nikasema, basi lazima nilikosea."

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, akampigia meneja, akaeleza yote, tangu soketi mpaka ripoti.

"Mbona dereva mwenyewe amekiri?" meneja aliuliza.

"Amekiri kosa langu, mama."